Kutafuta Mkutano wa Wanaoacha Pombe

Hotuba ya halmashauri ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamuni siku hiyo.



Twawashukuru kwa kufika siku ya Jumapili, hali wengi wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala. Katika mkutano uliopita mliuliza maswali mengi juu ya mishahara na juu ya pesa za nyumba, na majibu yake yatasomwa na Katibu baadaye. Lakini mzee mmoja alisimama nyuma kabisa akauliza hivi: "Nyinyi viongozi, mtu wetu alifutwa kazi kwa sababu ya pombe, nanyi mlikuwa ndani ya ofisi ile pamoja naye. Mlifanya nini?" Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Leo tumekuja na jibu, nalo si fupi, basi twawaomba mtuvumilie.

Kwanza tutaeleza makosa yetu wenyewe, kwa maana hayo ndiyo mwanzo wa habari.

Ndugu yule alikuwa fundi wa mashine kwa miaka kumi na minne. Hatutataja jina lake wala idara yake, na tafadhali nanyi msimtaje hata kama mwamjua. Alikuwa fundi hodari. Mashine ikigoma usiku, alikuwa akiitwa yeye. Lakini Jumatatu alikuwa haonekani, na mwisho wa mwezi alikuwa haonekani mpaka Jumatano. Sisi tulimfanyia nini? Tulimwambia mnyapara ya kuwa amekwenda dispensari. Akija hali amelewa, tulimlaza nyuma ya marobota, mmoja wetu akasimama kwenye mashine yake. Mara mbili tulipitisha mchango kumlipia madeni, na mara zote mbili pesa zile hazikumaliza wiki mbili, zikaishia kwa mama pima. Tulidhani ya kuwa huo ndio udugu wa wafanya kazi.

Siku moja mkubwa wa kiwanda alipita mwenyewe akamkuta kwenye mashine hali hawezi kusimama sawasawa. Hapo hakuna wa kumficha tena.

Sasa ni lazima mjue sheria inavyosema, kwa maana wengi hufikiri ya kwamba Chama kinaweza kumrudisha kazini mtu yeyote. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inahesabu ulevi wakati wa kazi, ule unaomfanya mtu ashindwe kufanya kazi yake sawasawa, kuwa ni kosa kubwa ambalo tajiri anaweza kumfuta mtu mara moja bila notisi. Hilo liko wazi. Lakini kifungu cha 41 kinasema ya kuwa kabla ya kumfuta, tajiri ni lazima amweleze mfanya kazi sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa Chama aliyemchagua mwenyewe, na maneno yao yasikilizwe. Tajiri akiruka hatua hiyo, hata mlevi ana kesi. Basi ndugu yule alituchagua sisi, tukaingia naye.

Tulisema maneno mengi mle ndani. Tulisema juu ya miaka kumi na minne. Tulisema juu ya watoto. Tajiri akatoa barua tatu za onyo, na hata moja sisi hatukuwa tumeiona, kwa maana ndugu yetu alikuwa akizificha. Tukasema, "Mtu huyu ni mgonjwa, apewe nafasi ya kutibiwa." Tajiri akauliza swali moja tu: "Amekwenda kutibiwa wapi?" Tulitazamana. Hatukuwa na karatasi hata moja ya hospitali. Hatukuwa na jina la daktari. Kwa miaka minne tulikuwa tumemlaza nyuma ya marobota, na hakuna hata siku moja tuliyompeleka mahali.

Ndivyo alivyofutwa. Alilipwa siku zake alizofanya kazi na likizo iliyobaki, na cheti cha utumishi, kwa maana hivyo hata aliyefutwa kwa kosa hapotezi. Basi hayo ndiyo tuliyofanya, mzee, nayo ni machache.

Lakini habari haikuishia hapo. Ndugu yule alirudi nyumbani akaapa mbele ya mkewe ya kuwa hatagusa tena. Akaacha siku ile ile, yeye ambaye alikuwa akinywa kila siku asubuhi na jioni. Kesho yake mikono ilitetemeka hata asiweze kushika kikombe cha chai, na jasho likamtoka. Siku ya pili alianguka akatupatupa miguu kama mwenye kifafa. Siku ya tatu alianza kuwaona watu ambao hawako, akapigana nao. Majirani wakasema amerogwa. Mkewe hakusikiliza maneno hayo, akakodi gari usiku akamfikisha hospitali, na daktari akamwambia ya kuwa angechelewa zaidi angempoteza.

Tunalisema jambo hili kwa sauti kubwa kwa maana katika sisi wanane wa halmashauri hapana hata mmoja aliyelijua. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikata mara moja bila dawa, anaweza kufa. Si uvivu wala si woga. Mwili wake umezoea pombe, na pombe ikiondoka ghafla ubongo hupata msukosuko. Kutetemeka huanza saa chache tu baada ya kuacha, kuanguka kunaweza kuja katika siku mbili za kwanza, na kule kuona vitu visivyokuwako huja mara nyingi siku ya pili au ya tatu. Hospitalini ziko dawa za kumvusha mtu salama. Basi anayetaka kuacha, na ambaye hutetemeka asubuhi kabla ya kunywa, aende kwa daktari kwanza, kisha ndipo aape.

Tulipokwenda kumwamkia mkewe, hakutukaribisha kiti. Alisema hivi: "Nyinyi mlikuwa mkimficha kazini, nami nilikuwa nikimficha nyumbani. Watu wa kumficha walikuwa wengi sana. Wa kumpeleka hospitali hakuwako." Tulitoka mle ndani kimya. Sasa wako kwao bara, na simu zetu mara nyingine hupokelewa, mara nyingine hazipokelewi.

Basi miezi michache baadaye mwanachama mwingine alitujia saa ya chakula, mwenyewe, na barua ya pili ya onyo mkononi. Yeye hakuificha. Alisema, "Sitaki kufika ya tatu." Mara hii hatukusema tutamwambia mnyapara nini. Tulisema, twende wapi?

Ndipo tulipoanza kutafuta. Tulianza kwenye zahanati ya serikali, tukaonana na klinika ofisa, kijana mpole, akampima, akamwuliza anakunywa nini na mara ngapi, akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko alikaa siku tano akipewa dawa. Hapa tuwakumbusheni: kifungu cha 30 cha sheria ile ile kinampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari, na ikiwa mapatano yenu na tajiri yanatoa siku zaidi, fuateni mapatano. Siku zile tano zilikuwa za ugonjwa kwa karatasi halali. Hapakuwa na mtu wa kudanganya juu ya dispensari.

Daktari alipomtoa alisema neno ambalo tulilichukua vibaya mwanzoni. Alisema, "Sisi tumemtoa pombe mwilini. Sasa atafuteni watu." Tulidhani anatufukuza. Baadaye tulielewa ya kuwa alikuwa akisema juu ya mikutano ya watu wanaoacha pombe pamoja.

Simu ya bure ya 1192 ni ya NACADA, ile mamlaka ya serikali inayoshughulika na ulevi na madawa ya kulevya. Tulipiga tukaambiwa mahali pa kuuliza. Muuguzi wa hospitali naye alitupa jina la kanisa ambalo ukumbi wake hutumiwa kwa mkutano. Jambo hili liliwachanganya watu wetu kidogo, kwa maana mmoja alisema, "Basi ni dini." Si dini. Wao hutumia ukumbi tu, kama sisi tunavyotumia shule hii siku za Jumapili bila ya kuwa wanafunzi.

Mara ya kwanza tulifika Alhamisi, tukakuta mlango umefungwa. Bawabu akasema mkutano ni Jumanne. Hebu fikirini: mtu amekusanya moyo wake tangu asubuhi, amepita baa tatu bila kuingia, halafu anakuta kufuli. Tulimsindikiza mpaka mlangoni pa nyumba yake usiku ule, kwa maana tuliogopa. Na mwenye kutaka kwenda, apige simu kwanza aulize siku na saa, kwa sababu ratiba hubadilika na wenye kuandika kwenye simu hawaondoi ratiba za zamani.

Mara ya pili tulifika siku yenyewe, lakini langoni alimwona mama mmoja wa mtaa wao akitoka kwenye kwaya, akageuka akasema amesahau kitu nyumbani. Hatukumlazimisha. Mara ya tatu aliingia.

Sasa tutawaeleza mle ndani mna nini, maana wengi mmetuuliza kwa siri kama mtu hufungwa, au hulazimishwa kusimama na kuungama. Mna viti vya plastiki vimepangwa duara, na birika ya chai. Siku ile walikuwa watu kumi na moja. Alikuwako dereva wa lori, mama auzaye nguo, kijana wa chuo kikuu, mzee aliyestaafu serikalini, na bwana mmoja mwenye tai ambaye kwa nguo zake tungemwita tajiri. Mmoja aliongoza mkutano. Si mkubwa wao, kwa maana kazi hiyo huzunguka. Walisoma maneno kidogo kutoka kitabu chao. Kisha aliyetaka kusema alitaja jina moja tu, la kwanza, akasema ya kuwa yeye ni mlevi, akaeleza yaliyompata wiki ile. Alipomaliza walimshukuru, na hapana aliyemjibu, wala kumkosoa, wala kumfundisha. Asiyetaka kusema hunyamaza. Mtu wetu alinyamaza mikutano mitatu mizima.

Hakuna kitabu cha majina. Hakuna kiingilio. Kikapu hupita, mwenye shilingi ishirini huweka, asiye nayo hukipitisha kwa jirani. Sisi kwa desturi yetu ya Chama tuliona vema kutoa mchango wa tawi kwa ajili ya chai. Walitushukuru sana, wakakataa pesa zetu. Ni kanuni yao ya dunia nzima ya kuwa hujitegemea kwa michango ya wanachama wao wenyewe, wala hawapokei kutoka nje, iwe serikali, iwe kampuni, iwe chama cha wafanya kazi. Tuseme kweli, jambo lile lilitupendeza. Ni vyama vichache vinavyokataa pesa.

Watu hawa huitwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, na kwa kifupi AA. Asili yao ni mji wa Akron, Marekani, mji wa viwanda vya matairi, mji ule ule ambao wafanya kazi wa Goodyear waligoma mwaka 1936. Mwaka mmoja kabla ya mgomo huo, Mei 1935, mtu wa New York jina lake Bill Wilson alifika Akron kwa biashara, biashara ikamharibikia. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Alisimama katika ukumbi wa hoteli peke yake, akasikia kelele za furaha za baa. Badala ya kuingia alikwenda kwenye simu, akawapigia wachungaji wa mji akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Hivyo akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye ulevi ulikuwa karibu kumnyang'anya kazi yake. Daktari alisema atampa dakika kumi na tano tu. Walizungumza saa nyingi. Daktari akaacha, akarudi kunywa safarini, akaacha tena, na siku ya mwisho aliyokunywa, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo wanayoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama chao. Kumbukeni hilo la kurudi kunywa, tutalirudia.

Mwanachama mmoja wa dini ya Kiislamu alituuliza kama atafaa mahali hapo. Hatua zao kumi na mbili hutaja Mungu, lakini husema wazi ya kuwa kila mtu amwelewe kwa jinsi yake, na sharti la kuingia ni moja tu: mtu atake kuacha kunywa. Katika mkutano ule wa watu kumi na moja walikuwamo Waislamu wawili, na mmoja aliyesema hana dini. Kama mtu hapendi njia yao, hospitali nyingine zina vikundi vyao vinavyoongozwa na mshauri wa afya, na hivyo pia ni vyema.

Je, inafaa? Hilo ndilo swali la mfanya kazi, kwa maana nauli ni pesa. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya uchunguzi 27 uliofanywa na wenzao, wenye watu zaidi ya 10,000, wakalinganisha. Walikuta ya kuwa tiba zinazomwongoza mtu kuingia katika AA hazishindwi na tiba nyingine zinazojulikana, na katika jambo la kuacha kabisa zilizishinda. Haina maana ya kuwa kila aingiaye hupona. Wengi huanguka. Lakini ni njia iliyopimwa, tena haina bei.

Mambo mawili yalitupa shida, nasi hatutayaficha.

La kwanza ni lugha. Katika mkutano ule wengi walisema Kiingereza, na mtu wetu alisoma mpaka darasa la saba. Alikaa kama mgeni. Mara ya pili yule mzee aliyestaafu aliliona jambo hilo, akaanza yeye kusema Kiswahili, na dereva wa lori akafuata, na tangu siku hiyo mkutano ule huenda kwa lugha mbili. Mtu asione haya kuuliza. Hakuna aliyekatazwa kusema lugha yake.

La pili ni zamu. Mkutano ni saa kumi na mbili jioni, na mtu wetu alikuwa zamu ya jioni wiki moja kati ya mbili. Tulimwendea mkubwa wa idara, tukamwomba abadilishwe zamu siku ya Jumanne. Akataka barua kutoka kikundi. Kikundi hakitoi barua, wala hakiwezi kumshuhudia mtu, kwa maana hakina kitabu cha majina. Tukarudi hospitali, mshauri akaandika barua yake mwenyewe ya kuwa mgonjwa yuko katika matibabu na ahudhurie kila Jumanne. Mkubwa akaitazama barua ile muda mrefu, akakubali. Basi jueni: ushahidi wa kumpelekea tajiri hutoka kwa daktari au mshauri, si kwa kikundi. Laiti tungekuwa na karatasi kama ile siku tuliyoulizwa "Amekwenda kutibiwa wapi?"

Kuna mikutano ya wazi, ambayo mtu yeyote aweza kuketi asikilize, na kuna mikutano iliyofungwa, ambayo ni ya wenye shida ya pombe peke yao. Sisi tuliomsindikiza tuliingia ile ya wazi, na ile iliyofungwa tukakaa nje kwenye ngazi tukizungumza habari za mpira. Siku moja katika ngazi tulikuwa watatu. Wiki iliyofuata tulikuwa wawili. Yule wa tatu alikuwa amepita mlango, ameingia ndani, ameketi. Hatukumwuliza neno. Ni mmoja wetu, wa halmashauri hii inayosema nanyi, na sasa huenda kwa ajili yake mwenyewe. Ametupa ruhusa kulisema jambo hili bila jina lake.

Hapo ndipo tulipojitazama wenyewe. Tulipotia sahihi mapatano mapya na tajiri mwaka uliopita, tulishangilia wapi? Baa. Mikutano yetu ya halmashauri huishia wapi? Kreti za nani zilizowekwa mezani? Za tawi. Katika enzi ya ukoloni serikali iliwakataza Waafrika pombe kali za Kizungu, huku manispaa ikiwauzia pombe katika vilabu vyake na kutia faida mfukoni mwake. Baba zetu walilalamika juu ya hayo, na walikuwa na haki. Sasa hapana manispaa inayotushika mkono. Sheria ya mwaka 2010 iliwapa wenye baa ruhusa ya kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi, nayo ndiyo saa ile ile zamu ya mchana inapotoka langoni, na baa ya kwanza iko hatua mia mbili. Twajua wenyewe tunavyokwenda.

Na hatusemi juu ya bia peke yake. Wengine wetu tunakunywa kile kinachopatikana kwa shilingi chache. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi, katika Mukuru na mitaa ya karibu, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2014 walikufa wengine wengi katika Embu, Kiambu na kwingineko, na Februari 2024 wakafa zaidi ya kumi Kirinyaga. Wengine waliopona hawaoni mpaka leo, kwa maana methanoli huua macho. Wengi wao walikuwa vibarua na wafanya kazi kama sisi.

Mtu wetu alikaa wiki saba bila kunywa. Wiki ya nane ilikuwa mwisho wa mwezi, mshahara umeingia kwenye simu, rafiki akampigia. Alilewa siku mbili. Sisi tulikata tamaa, tena mmoja wetu alisema, "Tumepoteza nauli zetu." Lakini yule mzee aliyestaafu, ambaye amekuwa kama kiongozi wake, wao humwita sponsa, alimpigia simu asubuhi kama kwamba hakuna lililotokea, akasema, "Jumanne ni kesho." Akaenda. Akasema mbele ya wote ya kuwa ameanguka, wakamshukuru kama walivyomshukuru siku nyingine. Sasa mshahara wake huingia kwa mkewe kwanza, kwa kupenda kwake mwenyewe, na hesabu yake ya siku ilianza upya. Leo ni siku mia moja na nane. Tulimwomba ruhusa kuitaja hesabu hiyo, naye akasema semeni mia moja na nane, msiseme nimepona.

Akina mama, nanyi mna haki ya kitu hapa. Tangu mwaka 1951 kuna vikundi vingine viitwavyo Al-Anon, vya wake, waume na jamaa za walevi, na vilianzishwa na mke wa Bill Wilson, Lois, pamoja na mwenzake. Huko mtu hafundishwi jinsi ya kumzuia mumewe. Hukaa na wenye taabu kama yake wakasaidiana. Mke wa ndugu yetu wa kwanza hakujua kama kuna kitu kama hicho, na sisi pia hatukujua.

Basi halmashauri imeamua haya, nasi twayaleta kwenu myakubali au myakatae. Tawi halitalipa pombe tena kwa sherehe yoyote. Tutakula nyama na soda, na anayetaka bia atainunua kwa pesa zake mahali pengine. Hapana mwakilishi atakayemdanganya mnyapara juu ya mtu aliyelewa. Tutamwondoa kwenye mashine, kwa maana mashine hukata mikono, tena mkono unaweza kuwa wa jirani yake. Lakini siku hiyo hiyo au kesho yake wawili wetu watakwenda naye kwa daktari, hata kama amekasirika. Mchango wa madeni hautapitishwa kwa mtu asiyekubali kwenda. Najua wengine watasema tumekuwa wakali. Twataka kumwona mtu akiwa na cheti cha daktari kabla ya barua ya tatu. Na katika mapatano yajayo tutadai ya kuwa mfanya kazi anayekubali matibabu asifutwe kabla hajapewa nafasi ya kuyamaliza. Tajiri atakataa, kama alivyokataa mambo mengine mwanzoni.

Katibu ataandika kura zenu sasa hivi, moja moja.

Mwenye kutaka kusindikizwa amwendee yeyote katika sisi wanane saa ya chakula, nyuma ya stoo. Hatutaandika jina lake. Jumanne tunaondoka langoni saa kumi na moja na nusu, tunapita njia ya reli, si njia ya baa. Wiki iliyopita tulikuwa wanne.